Maswali na Majibu: Moyo Kwenye Sahani

Toleo lililopita tulichapa picha ya sahani ya plastiki yenye vishimo 12, na chini yake mistari miwili: kwamba humo mna seli za misuli ya moyo zilizokuzwa maabara kutokana na seli shina za binadamu, zilizotengenezwa kwa damu ya mtu, na kwamba zinapiga zenyewe. Barua zilizofuata, nyingi kutoka Mtwara na Lindi, zinataka zaidi ya mistari miwili. Tumechagua saba.

Vijana wangu wa kidato cha sita wanajua kwamba seli ya damu ni ya damu na ya moyo ni ya moyo, basi. Leo mnatuambia damu ya mtu imegeuzwa moyo. Naomba hatua kwa hatua, msiniandikie juujuu.
*Mwalimu wa baiolojia, Masasi*

Mwalimu, vijana wako hawajakosea. Damu haigeuki moyo. Inarudishwa utotoni kwanza, kisha inalelewa upya kwa njia nyingine. Seli ya damu na seli ya moyo za mtu mmoja zina DNA ileile, tofauti ni jeni zipi zimewashwa na zipi zimezimwa. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, alionyesha kwamba ukiingiza jeni nne tu (Oct4, Sox2, Klf4 na c-Myc) kwenye seli za ngozi ya panya, seli hizo husahau kazi yake na kurudi katika hali ya kiinitete cha siku chache. Mwaka 2007 akafanya hivyo kwa seli za binadamu, na 2012 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na John Gurdon wa Uingereza. Siku hizi maabara nyingi huanza na damu kidogo, jeni zikibebwa na kirusi cha Sendai, ambacho hakijichomeki kwenye DNA ya seli na hupotea kadiri seli zinavyogawanyika. Wiki tatu hadi nne baadaye yanaonekana makundi bapa yenye kingo zilizokatika vizuri. Hizo ndizo seli shina, zenye uwezo wa kuwa karibu kila aina ya seli ya mwili. Zikiachwa bila mwongozo zinakuwa mchanganyiko usiofaa kwa lolote.

Kinachozielekeza kwenye moyo ni kuiga saa ya kiinitete. Tumboni mwa mama, tishu itakayokuwa moyo hupokea ujumbe wa kemikali uitwao Wnt, halafu ujumbe huohuo hukatwa. Ukiwashwa na usizimwe, moyo haupatikani. Ukizimwa mapema, haupatikani pia. Kundi la Sean Palecek katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, lilichapisha mwaka 2012 na 2013 njia ya kuwasha na kuzima kwa dawa mbili tu, na ndiyo iliyoenea.

Seli shina nusu milioni hadi milioni moja hupandwa katika kila kishimo cha sahani ya vishimo 12, juu ya utando wa protini, pamoja na dawa Y-27632 ya maikromola 10 (kipimo cha ukali wa dawa ndani ya chakula) kwa saa 24 za kwanza, kwa sababu seli hizi zikitenganishwa moja moja hujiua. Chakula, yaani kimiminika chenye virutubisho ambamo seli huishi, hubadilishwa kila siku mpaka zifunike sakafu yote. Hapo inaitwa siku ya 0. Chakula kinakuwa RPMI 1640 yenye kirutubisho B27 kisicho na insulini, na ndani yake CHIR99021, dawa inayowasha Wnt, maikromola 6 hadi 12. Baada ya saa 24 inaondolewa, na hizo ni saa 24 za kweli: ukiweka saa nne asubuhi, ondoa kesho saa nne asubuhi, si baada ya chakula cha mchana. Siku ya 3 inaingia IWP2, maikromola 5, inayozima. Siku ya 5 inatolewa. Siku ya 7 zinapewa B27 yenye insulini, kisha chakula kipya kila siku tatu. Mapigo ya kwanza huonekana kati ya siku ya 8 na ya 12.

Insulini inazuiwa wiki ya kwanza kwa kuwa huzivuta seli mbali na njia ya moyo. Baadaye zinaihitaji.

Hata kazi ikienda vizuri, sahani huwa na seli nyingine ndani yake. Njia moja ya kuzichuja ni njaa: toa glukosi yote kwenye chakula, weka lakteti milimola 4, acha siku kama nne. Misuli ya moyo inajua kula lakteti. Nyingine nyingi hufa. Kinachobaki hupimwa kwa kingamwili inayoshika troponini T, protini ya misuli ya moyo, na hapo ndipo unajua ni asilimia ngapi ya kweli. Kuangalia kwa macho kunadanganya, kwani asilimia 20 tu ya seli zikipiga zinaweza kuitikisa sahani nzima.

Nimepata nafasi ya mafunzo ya miezi sita ughaibuni na nimeambiwa nitakuza seli hizi. Nimezoea damu, choo na makohozi. Nini hasa huwaharibia watu kazi?
*Fundi sanifu wa maabara, Lindi*

Ndugu fundi, kwanza ni wingi wa seli siku ya 0. Zikiwa zimefunika nusu ya kishimo tu, CHIR99021 itaua nyingi na zitakazobaki hazitoshi kufanya tishu. Zikiwa zimerundikana tabaka juu ya tabaka, dawa haizifikii sawasawa. Usiongozwe na kalenda, ongozwa na hadubini.

Pili ni kipimo. Kila ukoo wa seli shina una kipimo chake, kwa hiyo kabla ya kazi kubwa jaribu maikromola 6, 8, 10 na 12 pembeni kwa pembeni. Hesabu yenyewe nyepesi: akiba ya dawa uliyoyeyusha ikiwa ya milimola 10, unaweka maikrolita 1 kwa kila mililita 1 ya chakula kupata maikromola 10. Vishimo 12 vyenye mililita 2 kila kimoja ni mililita 24, yaani maikrolita 24 za dawa. Changanya kwenye mrija, chakula kikiwa na joto, ndipo ugawe. Anayedondoshea dawa kishimoni moja kwa moja hukuta kesho yake duara tupu pale tone lilipoangukia. Siku ya 1 utakuta seli nyingi zilizokufa zikielea hata ukifanya kila kitu sawa. Usizikimbize kwa kuosha mara tatu.

Tatu, chupa mbili za B27. Yenye insulini na isiyo nayo zinafanana, na lebo hutofautiana kwa maneno machache. Makosa haya ni ya kijinga na hutokea kila mahali. Funga utepe mwekundu kwenye moja, siku ileile inapofika.

Utando wa protini unaoitwa Matrigel nao una tabia yake: hukaa friza, huyeyushwa kwenye barafu usiku kucha ndani ya friji, na ukipata joto la zaidi ya nyuzi 10 unaanza kuganda. Ukishaganda haurudi kwa urahisi. Ncha za pipeti na mirija vipozwe kabla. Mtu aliyezoea kuacha vitu mezani apunge hewa kidogo atapoteza chupa ya bei mbaya kwa dakika tano.

Kuanzia siku ya 7 seli zinakuwa tabaka moja linalovutana, na hunyanyuka kama utando wa juu ya uji uliopoa. Vuta chakula cha zamani ukiinamisha sahani, acha kidogo chini, na mimina kipya kwa kukiteremsha ukutani mwa kishimo, taratibu.

Tumemweka mwisho adui mbaya kuliko wote. Bakteria wa kawaida wanajionyesha: chakula kinageuka kutoka pinki kwenda njano na kinapoteza uangavu wake. Mikoplazma haifanyi hivyo. Ni ndogo, haina ukuta wa seli kwa hiyo penisilini haiigusi, baadhi hupenya hata kichujio cha maikromita 0.22, na chakula kinabaki safi machoni. Unachoona ni kwamba seli zinakua polepole na mapigo hayaji, na unaanza kuilaumu dawa. Dawa yake ni kupima kwa PCR (kipimo kinachotafuta DNA yake) angalau kila mwezi, na kuweka seli ngeni peke yake mpaka majibu yatoke. Usitie antibayotiki za kudumu kwenye chakula. Zinaficha uchafu, haziuondoi. Na kila baada ya kuzihamishia sahani mpya mara kumi hivi, omba kromosomu zichunguzwe, maana seli shina zinazokaa sana kwenye sahani hupata mabadiliko, hasa kwenye kromosomu ya 1, 12, 17 na 20, na zilizobadilika hukua haraka kuliko wenzake na kuwamaliza.

Nikipasua papa, moyo wake unaendelea kudunda kiganjani. Hizo seli zenu hazina mwili wala ubongo, zinadunda kwa amri ya nani?
*Mvuvi, Mikindani*

Mzee wetu, kwa amri ileile ya huyo papa: yake mwenyewe. Ubongo hauuambii moyo upige. Unauambia tu uharakishe au upunguze. Ngozi ya seli ya moyo ina milango midogo ambamo chumvi za sodiamu na kalisi huvuja kuingia polepole. Zikifika kiwango fulani milango mikubwa hufunguka, kalisi humiminika, nyuzi za msuli hujikunja, kisha kalisi husukumwa nje na mchezo unaanza upya. Seli zilizogusana zina vijitundu kati yake, kwa hiyo inayowahi inazikokota nyingine.

Siku ya 9 unaweza kuona chini ya hadubini sehemu moja ndogo kama kichwa cha pini ikijivuta, na seli za jirani zikivutwa nayo, kama wavu unavyovutika wote samaki mmoja akinasa pembeni. Siku mbili tatu baadaye sehemu hizo zimeungana na tabaka zima linakwenda pamoja. Sahani ikikaa nje ya inkubeta, kabati linalozitunzia seli joto, dakika chache, mapigo yanapungua kwa sababu ya ubaridi, pengine yanasimama. Irudishe kwenye nyuzi 37, yanaanza tena.

Ila kudunda huko kwenyewe ni dalili ya utoto. Seli ya mtu mzima kutoka chumba kikubwa cha moyo hutulia kimya mpaka ipokee ishara, kwa kuwa ina milango imara ya potasiamu inayoishikilia. Za maabara zina milango hiyo michache. Zinafanana na za mtoto aliye tumboni.

Wagonjwa wetu wa moyo kupanuka wanaishia kwenye vidonge na kupunguza chumvi. Seli hizi haziwezi kudungwa kwenye moyo uliochoka?
*Muuguzi, Ndanda*

Zimedungwa, dada, na tatizo lake linajulikana. Chumba cha kushoto cha moyo wa mtu mzima kina seli za misuli bilioni 2 hadi 4, na shambulio kubwa la moyo linaweza kuua bilioni 1. Mwili haulipi deni hilo: mwaka 2009 watafiti wa Sweden, wakitumia kaboni 14 iliyosambazwa angani na majaribio ya mabomu ya nyuklia, walikadiria kwamba kijana wa miaka 25 hubadilisha asilimia 1 tu ya seli hizo kwa mwaka, na mzee wa miaka 75 asilimia 0.45.

Mwaka 2014 kundi la Charles Murry katika Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, lilidunga seli bilioni 1 kwenye mioyo ya nyani. Zilishika, zikaungana na msuli wa mwenyeji, na nyani wote waliopandikizwa wakapata mapigo yasiyo na mpangilio. Sababu umeiona kwenye jibu la mvuvi: seli changa zinapiga zenyewe, zikiwa ndani ya moyo ulio na mpigo wake. Ni wapiga ngoma wawili kwenye ngoma moja. Hatari ya pili ni seli shina zilizobaki bila kubadilika, ambazo zinaweza kufanya uvimbe. Ndiyo maana uchujaji si urembo. Tatu, seli za mtu mwingine zinataka dawa za kushusha kinga.

Japani walichukua njia ya upole zaidi. Januari 2020 Chuo Kikuu cha Osaka kilitangaza kumwekea mgonjwa wa kwanza utando wa seli hizi, unaobandikwa juu ya moyo, takriban seli milioni 100. Utando huo unategemewa kutoa protini zinazosaidia mishipa midogo kuota, zaidi ya kusukuma damu wenyewe. Kwa mgonjwa aliye wodini kwako leo, vidonge vilevile na kupunguza chumvi ndiyo tiba.

Mwanangu ana miaka 11, valvu za moyo ziliharibika baada ya mafindofindo yasiyotibiwa. Kuna mtu anauza vidonge vya seli shina, bei yake ni korosho ya msimu mzima. Ninunue?
*Mama, Nachingwea*

Usinunue, mama. Vidonge vya namna hiyo kwa kawaida ni unga wa tofaa, zabibu au mmea mwingine. Seli ya mmea haiwi seli ya moyo, na hata ingekuwa seli hai ya binadamu, tumbo lingeiyeyusha kama nyama nyingine. Tena mwanao hajapungukiwa msuli. Kilichoumia ni valvu, milango ya moyo, na hizo seli za kwenye sahani hazitengenezi valvu.

Kinachomlinda ni sindano ya penisilini benzathini, kila wiki tatu au nne kama hospitali ilivyopanga, hata akiwa anacheza mpira na haumwi popote. Kila mafindofindo mapya yanaweza kuongeza jeraha la valvu. Ikifika kuhitaji kutengenezwa au kubadilishwa, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, ndiyo kwenye wapasuaji. Tiba ya seli shina iliyothibitika miaka mingi ni upandikizaji wa uloto kwa magonjwa ya damu, nao hufanywa hospitali kubwa, haufungwi kwenye kopo.

Kama hazitibu, faida yake ni nini?
*Mtoa dawa, duka la dawa muhimu, Newala*

Faida yake iko kwenye rafu zako. Kuna dawa zinazotibu vizuri huku zikiziba mlango mmoja wa potasiamu kwenye seli ya moyo. Mlango ukizibwa, seli inachelewa kutulia baada ya pigo, na katika kuchelewa huko moyo unaweza kuingia kwenye mtetemo unaoua. Halofantrini, dawa ya malaria, ilihusishwa na vifo vya ghafla kwa njia hiyo. Klorokwini na kwinini nazo hugusa umeme wa moyo, kwa kiasi tofauti. Moyo wa panya hausaidii sana kuipima hatari hii: unapiga mara mia kadhaa kwa dakika na hutegemea milango mingine kutulia.

Kwa hiyo seli za binadamu hupandwa juu ya sahani yenye vijiwaya chini yake, dawa inaongezwa kidogo kidogo, na urefu wa kila pigo unapimwa kabla mtu yeyote hajaimeza. Seli zikitoka kwa mgonjwa mwenye kasoro ya kurithi ya umeme wa moyo, kasoro hiyo inaonekana kwenye sahani pia, na dawa zinaweza kujaribiwa juu ya seli zake mwenyewe.

Nasoma sekondari Mtwara mjini. Gesi tunayo, joto tunalo. Tushindwe nini kukuza seli hizi hapa?
*Mwanafunzi, Mtwara*

Mdogo wetu, gesi ya Msimbati ni methani. Inkubeta inataka kabonidayoksaidi, ileile inayotiwa kwenye soda, asilimia 5, ili tindikali ya chakula isiyumbe. Na joto la Mtwara ni kikwazo badala ya msaada. Inkubeta ya kawaida inajua kupasha tu, haijui kupoza, kwa hiyo chumba chake kinatakiwa kiwe chini ya nyuzi 37 kwa nyuzi kama tano au zaidi. Desemba bila kiyoyozi, ndani itapanda mpaka 38 na 39. Umeme ukikatika, usifungue mlango. Seli hufugwa siku saba kwa wiki, Jumapili na Idi zimo, na akiba yake hukaa kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, ambayo haihitaji umeme lakini huvukiza na lazima iongezwe. Yote yanawezekana Mtwara, ila si kwenye maabara ya shule.

Moyo unaoanza kupiga, lakini, mnaweza kuuona wiki hii. Tafuteni mayai sita ya kienyeji ya boma lenye jogoo. Ya dukani hayajarutubishwa. Yalazeni ubavu, wekeni alama ya penseli juu, na yapeni joto la nyuzi 37.5 hadi 38 kwa saa 72. Boksi lenye balbu, kipimajoto na bakuli la maji linatosha, balbu iwe ya zamani ya waya, maana ya LED haitoi joto la maana. Kuku anayeatamia ni bora zaidi: hana habari na umeme kukatika, ila atayageuza mayai, kwa hiyo mkiyatoa yalazeni dakika kumi kwanza.

Toboeni ncha butu kwa sindano, ielekezeni chini ili msichome kiini, vuteni mililita 2 hadi 3 za ute. Kiini kitashuka kutoka kwenye ganda. Bandikeni utepe wa plastiki juu, penye alama, na kateni kwa mkasi mdogo dirisha la ukubwa wa sarafu ya shilingi 200. Mtaona duara la mishipa myekundu, na katikati kitu kidogo kuliko punje ya mchele kikiruka. Hesabuni kwa dakika; yakiwa ya moto mapigo yatakaribia au kuzidi 100. Acheni yai wazi dakika tano, hesabuni tena. Kisha dondosheni juu yake maji ya chumvi, gramu 9 kwa lita 1, yaliyopashwa nyuzi 38, na msiondoe jicho. Mapigo yasipopanda, yai limepoa mno au sindano imechana mshipa. Chukueni jingine.